Mzee anapopigana usingizini: melatonini, Parkinson na hitilafu tuliyoitafuta pabaya

Nimepotea hapa karibu miezi mitatu, na najua baadhi yenu mmefungua ukurasa huu mkitafuta sehemu ya pili ya makala ya hifadhidata niliyowaahidi. Samahani, leo si siku yake. Leo naandika juu ya baba yangu, juu ya usingizi, na juu ya homoni moja inayoitwa melatonini. Msikimbie lakini! Mambo ya kompyuta yamo, na limo pia kosa nililolifanya mwenyewe ambalo mtu mwenye shahada ya sayansi ya kompyuta hakupaswa kulifanya.

Kwetu ni upande wa Litein, Kaunti ya Kericho, si mbali na mpaka wa Bomet. Baba ana shamba dogo la chai. Yeye na mama huchuma wenyewe na kupeleka majani kwenye kituo cha kupimia, kama majirani wote. Mwaka jana mwezi wa Agosti, kaka yangu mkubwa alinipigia simu usiku nikiwa Nairobi. Alisema maneno machache tu: "Njoo nyumbani. Mzee amempiga mama."

Nataka mwelewe uzito wa jambo hilo. Baba yangu hajawahi kuinua mkono nyumbani. Hata sisi watoto tulichapwa na mama. Nilipofika nilimkuta mama na jicho limevimba, majirani wameshaanza kunong'ona, na kaka anataka wazee wa ukoo waitwe. Baba mwenyewe alikuwa amehamia stoo, analala kati ya magunia ya mbolea, na hazungumzi na mtu.

Nilimsubiri mama jikoni mpaka tukabaki wawili.

"Mama, ilikuwaje?"

"Alikuwa amelala, mwanangu. Alikuwa akipiga kelele kwamba wezi wa ng'ombe wameingia. Halafu ngumi ikaja. Nilipowasha taa aliniangalia usoni akauliza ni nani amenipiga."

Kisha akaniambia kwamba haikuwa mara ya kwanza. Ni miaka kama mitano mzee alikuwa akipiga mateke na kugombana na watu wasiokuwepo. Mama alikuwa akificha, kwa sababu mambo ya chumbani hayatolewi nje.

Malalamiko matano, hitilafu moja

Wenzangu mnaoandika programu mtalijua hili. Mteja mmoja analalamika kwamba ripoti haichapishwi. Mwingine anasema barua pepe haziendi. Wa tatu anasema mashine iko polepole. Kila lalamiko linapewa mtu wake, na kila mtu anaweka kiraka chake. Baada ya mwezi mmoja mnagundua kwamba diski ilikuwa imejaa tangu mwanzo.

Usiku ule nilikaa nikaandika kwenye daftari kila kitu ambacho watu wa nyumbani walikuwa wamekisema juu ya baba kwa miaka kadhaa:

1. Hanusi. Maziwa yanaungua jikoni naye amekaa pale pale. Hata mursik iliyoharibika haitambui mpaka aionje.
2. Choo kigumu. Amekunywa dawa za minyoo na za vidonda vya tumbo mpaka akachoka.
3. Analala mchana. Mara mbili alisinzia kwenye foleni ya kupima majani, watu wakasema ni chang'aa, na baba hanywi.
4. Amekuwa mkimya na mwenye huzuni.
5. Anapigana usingizini.

Na la mwisho, ambalo mama aliliona shambani: kikapu chake kimekuwa chepesi. Mtu aliyechuma majani mawili na chipukizi kwa miaka thelathini na mitano, vidole vyake vimekuwa vizito, na mkono wa kushoto haupungi anapotembea.

Hakuna aliyewahi kuyaweka mambo haya kwenye ukurasa mmoja. Bonasi ya chai ilipoingia Oktoba tulimpeleka Nairobi kwa daktari wa mishipa ya fahamu. Alimtembeza, akampima viungo, akasoma daftari langu, akasema: Parkinson.

Baba aliuliza swali moja tu. "Daktari, kwa hivyo si mimi?"

Daktari akamjibu kwamba mambo ya usiku si tabia yake, ni ugonjwa. Kaka yangu, aliyetaka kuita wazee, alitoka nje akasimama kwenye maegesho kwa muda mrefu. Jioni ile alimwomba baba msamaha.

Ugonjwa unaoanzia mbali na mikono

Daktari Mwingereza James Parkinson aliuandika ugonjwa huu mwaka 1817, na mpaka leo watu wengi wanaujua kwa kutetemeka. Kutetemeka na uzito wa viungo hutokana na kufa kwa seli za ubongo zinazotengeneza kemikali ya dopamini. Lakini uharibifu haukai sehemu moja. Protini iitwayo alfa-sinukleini hujikusanya vibaya ndani ya seli za neva, na mara nyingi dalili zisizohusu mwendo hutangulia kwa miaka: kunusa, choo, huzuni, usingizi.

Hili la kupigana usingizini ndilo lililonishangaza. Tunapoota, shina la ubongo huzima misuli karibu yote. Fikiria programu inayofanyiwa majaribio ikiwa imetenganishwa na mashine halisi. Amri zinatoka, "piga", "kimbia", lakini hakuna kinachosogea. Sehemu inayozima misuli ikiharibika, amri za ndoto zinakwenda moja kwa moja kwenye mikono na miguu. Madaktari Carlos Schenck na Mark Mahowald na wenzao wa Minneapolis, Marekani, waliieleza hali hii rasmi mwaka 1986. Mwaka 2019 yalitolewa matokeo ya utafiti uliofuatilia watu 1,280 waliokuwa nayo bila ugonjwa mwingine. Makadirio yalikuwa kwamba baada ya miaka 12, watu 73 au 74 katika kila 100 wangekuwa wamepata Parkinson au ugonjwa wa jamii yake.

Tafadhali, usisome hapo ukamtazama mumeo kwa hofu. Si kila anayepiga teke usiku ana shida hii. Ndoto mbaya za kawaida, kukosa hewa usingizini na baadhi ya dawa za huzuni zinaweza kuleta jambo linalofanana, na kipimo cha uhakika hufanyika kwenye maabara ya usingizi.

Na msidhani ni ugonjwa wa Ulaya. Ng'ambo ya mpaka, wilayani Hai, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, watafiti walipita nyumba kwa nyumba katika eneo la watu wapatao 161,000. Katika matokeo waliyochapisha mwaka 2008 walipata wagonjwa 33 wa Parkinson, na wengi wao hawakuwa wamewahi kuambiwa wana ugonjwa gani. Hai ni nchi ya milima na mashamba kama kwetu. Nikiwaza juu ya wale wazee, namwona baba kwenye stoo ya mbolea.

Sasa, melatonini

Nilipoanza kusoma juu ya usingizi na Parkinson, kila nilikogeuka nilikutana na neno melatonini. Binamu yangu anayeishi Marekani alisema huko zinauzwa dukani kama peremende, akanitumia chupa hata kabla sijamaliza kusoma.

Melatonini ilipatikana mara ya kwanza mwaka 1958. Aaron Lerner wa Chuo Kikuu cha Yale, daktari wa ngozi, aliitoa kwenye tezi za ubongo wa ng'ombe. Alikuwa akitafuta kitu kinachobadilisha rangi ya ngozi, na kweli melatonini huifanya ngozi ya chura iwe nyeupe zaidi. Kwamba ina uhusiano na saa ya mwili kulieleweka zaidi baadaye.

Watu huiita homoni ya usingizi, na hapo ndipo wengi tunapopotea. Ndani ya ubongo, juu kidogo ya pale mishipa ya macho inapokutana, kuna kifungu kidogo cha seli ambacho ni saa kuu ya mwili. Saa hiyo haiendi sawasawa na saa 24, kwa hiyo kila siku inabidi isawazishwe, kama seva zetu zinavyosawazisha saa zake kwenye mtandao. Chombo cha kusawazisha ni mwanga unaoingia machoni. Giza likiingia, saa kuu huiruhusu tezi ya pineali kutoa melatonini, na damu huisambaza mwili mzima. Ni tangazo. Na tangazo lenyewe halisemi "lala". Linasema "sasa ni usiku". Ushahidi? Panya, ambaye usiku ndio mchana wake, melatonini yake hupanda usiku vilevile, akiwa macho na anakimbia huku na huko.

Kwa mgonjwa wa Parkinson tangazo hilo linaweza kudhoofika. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2014 uliwapima damu wagonjwa 20 na watu wazima 15 wasio na ugonjwa, mchana na usiku. Mawimbi ya melatonini ya wagonjwa yalikuwa mafupi, na waliokuwa wakisinzia sana mchana walikuwa na mawimbi dhaifu zaidi. Niliposoma hapo nilimkumbuka baba kwenye foleni ya kupima majani.

Basi, si tuongeze melatonini tu? Hapa majibu yanagongana:

- Mwaka 2005, wagonjwa 40 wa Parkinson: miligramu 50, kipimo kikubwa mno, iliongeza usingizi wa usiku kwa kama dakika 10 tu.
- Mwaka 2007 huko Brazil, wagonjwa 18 walipewa miligramu 3 au kidonge bandia. Waliotumia melatonini walisema wanalala vizuri zaidi, lakini mashine za kupima usingizi hazikuona tofauti.
- Mwaka 2010 huko Ujerumani, watu 8 wenye shida ya kutenda ndoto: miligramu 3 iliwatuliza.
- Mwaka 2020 huko Australia, wagonjwa 30 wa Parkinson wenye shida hiyo hiyo: miligramu 4 ya kuyeyuka polepole haikushinda kidonge bandia.

Pamoja na hayo, mwongozo wa wataalamu wa usingizi wa Marekani wa mwaka 2023 unaruhusu kujaribu melatonini ya kawaida kwa shida hii, kwa tahadhari, kwa sababu haina madhara mengi. Dawa ya zamani, klonazepamu, inaweza kumfanya mzee aanguke, asinzie mchana au achanganyikiwe. Na mniwie radhi nyote mnaoniandikia kuhusu tiba za kuponya: hakuna utafiti kwa binadamu ulioonyesha kwamba melatonini inasimamisha Parkinson yenyewe.

Kabla hujaagiza chupa, soma na hili. Mwaka 2017 watafiti wa Canada walipima bidhaa 31 za melatonini za madukani. Kiasi halisi kilianzia asilimia 83 chini ya kilichoandikwa kwenye lebo hadi asilimia 478 juu yake. Robo hivi zilikuwa na kemikali nyingine, serotonini, ambayo haikutajwa. Nilipolisoma hilo niliiweka kando chupa ya binamu, nikamuuliza daktari wa baba. Alisema tujaribu kiasi kidogo, na akatuelekeza pa kununua.

Kumbukumbu za mama, na kosa langu

Mimi ni mtu wa kumbukumbu. Mfumo usioandika kumbukumbu siuamini. Kwa hiyo nilimwomba mama anitumie ujumbe mfupi kila asubuhi, namba moja tu: 0 kama mzee amelala kwa utulivu, 1 kama ameongea au kupiga kelele, 2 kama amepiga mateke, 3 kama amempiga mtu au ameanguka kitandani. Kiprogramu kidogo nilichokiandika jioni moja kilisoma ujumbe na kuchora grafu.

Majuma matatu ya kwanza, kabla ya kidonge: sifuri 4 katika usiku 21. Majuma matatu ya kidonge: sifuri 13.

Nilifurahi kama mtoto! Nilikuwa nimeshaanza kuandika makala haya kwa kichwa tofauti kabisa. Halafu Jumapili moja nikampigia mama, akawa ananieleza kwa furaha mambo mengine waliyoyafanya juma lile lile kidonge kilipoanza. Godoro lilishushwa sakafuni, ili mzee asianguke. Chai ya maziwa ya saa nne usiku ilikomeshwa. Televisheni ikawa inazimwa mapema. Asubuhi baada ya kunywa uji, baba alikuwa anakaa nje juani saa nzima. Na daktari alikuwa ameanza kumpa levodopa, dawa kuu ya Parkinson.

Mambo sita kwa mkupuo mmoja. Mwanafunzi wangu wa mafunzo kazini akinipelekea mabadiliko ya namna hiyo namrudishia.

Na hayo mengine si ya kupuuzwa. Chai kwa mfano. Sisi tunaishi juu ya chai, na hakuna anayeiona kama dawa. Lakini kafeini ya usiku huichelewesha hiyo saa ya mwili: katika jaribio dogo lililochapishwa mwaka 2015, kiasi cha kahawa kali mbili, saa tatu kabla ya kulala, kilichelewesha kupanda kwa melatonini kwa kama dakika 40. Mwanga nao umejaribiwa kwa wagonjwa wa Parkinson wanaosinzia mchana. Mwaka 2017 wagonjwa 31 walishiriki, na waliokaa mbele ya taa kali mara mbili kwa siku kwa majuma mawili walipungukiwa na usingizi wa mchana. Kericho iko karibu na ikweta, jua linachomoza na kuzama karibu saa zile zile mwaka mzima. Taa hiyo sisi tunayo bure, angalau mpaka mvua ya alasiri ifike.

Kwa hiyo nilimwambia mama mpango wangu. Tukubaliane na daktari, tusimamishe kidonge majuma matatu, mengine yote yabaki, tuone grafu itasema nini. Ndivyo mtu anavyotafuta hitilafu.

Kukawa kimya kidogo kwenye simu.

"Mwanangu," akasema, "mimi si kompyuta yako. Mzee amerudi chumbani. Nalala. Wewe unataka nirudi kwenye ngumi ili ujue ni kidonge ama ni chai?"

Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina. Kidonge kinaendelea.

Nimefikiria sana juu ya ile namba 13. Mama ndiye aliyekuwa akitoa alama, na alijua kidonge kimeanza. Pengine alikuwa akisikia kelele chache kwa sababu hakuwa tena na hofu. Ni kama wale wagonjwa wa Brazil, waliosema wanalala vizuri huku mashine haioni tofauti. Kama ungeniuliza kama mtafiti, ningekwambia kumbukumbu zangu hazithibitishi chochote, na usinunue melatonini kwa sababu yake. Kama ungeniuliza kama mtoto wa nyumba ile, ningekwambia kilichowarejesha wazazi wangu chumba kimoja kilitokea siku ya daktari, kabla ya kidonge cha kwanza. Ugonjwa ulipata jina, na ngumi ikaacha kuwa ya baba.

Kwa hiyo, mkisahau yote mengine, shikeni haya:

1. Mzee akianza kupigana usingizini, usiite baraza. Andika: tangu lini, mara ngapi, alikuwa akiota nini. Uliza pia juu ya pua, choo na usingizi wa mchana. Peleka karatasi hiyo kwa daktari.
2. Linda wote wawili usiku huo huo. Shusha godoro, ondoa panga, taa na stuli karibu na kitanda. Hakuna aibu ya kulala vitanda viwili.
3. Mchana uwe mchana na usiku uwe usiku. Jua la asubuhi, giza la jioni, chai ya mwisho mapema.
4. Melatonini ni ya kuzungumza na daktari. Inaweza kusaidia, inaweza isisaidie, na chupa haisemi ukweli kila wakati.
5. Badilisha kitu kimoja kimoja. Ukiruhusiwa na mama yako.

Ujumbe wa leo asubuhi ulikuwa 2. Mama aliongeza maelezo, jambo ambalo mfumo wangu haukuruhusu na ilibidi nirekebishe programu: baba alikuwa akifukuza nyani kwenye shamba la mahindi. Anasema nyani walishinda.

Sehemu ya pili ya hifadhidata inakuja juma lijalo. Safari hii kweli. Kazi njema.